Nimelipia kulanti, nikatiliwa maji ya kisima. Gari limeniungulia kwenye foleni ya feri

Jamani, leo siku ya tatu hasira hazijanitoka, na sinyamazi.

Wiki mbili zilizopita nilipeleka Fielder yangu servis kwenye gereji moja hapa kisiwani Mombasa. Si gereji ya chini ya mwembe. Ina bango, ina kaunta, inatoa risiti. Nikawaambia waziwazi: badilisheni oili, badilisheni mafuta ya breki, na kulanti ya zamani, yaani maji maalumu ya kupozea injini, imwagwe yote itiwe mpya, kwa sababu ilishageuka rangi ya kutu. Risiti ninayo hapa: kulanti lita 5, shilingi 3,200. Mafuta ya breki, shilingi 700. Nikalipa, nikawashukuru, nikaenda zangu.

Jumamosi namrudisha mama Ukunda, na watoto nyuma. Mnaijua foleni ya Likoni saa kumi na moja jioni, unasogea hatua mbili unasimama, esii inavuma, lami bado inatoa joto la mchana. Gari langu halina mshale wa joto, lina taa tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi moto. Nyekundu ikawaka. Nikazima esii, nikafungulia hita mpaka mwisho ili joto litoke, wapi! Mvuke ukafumka kwenye boneti, watoto wakaanza kulia. Vijana wakatusukuma hadi kando, Mungu awalipe.

Mmoja wao akaja na kitambaa, mkono tayari uko kwenye kifuniko cha rejeta, pale kulanti inapopoezwa. Nikamdaka. Maji ya mle ndani yamebanwa, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanakurukia usoni kwa mpigo mmoja. Tukangoja mpaka ikaadhiniwa isha, mama yangu, mtu wa miaka sabini na mbili, amekaa kwenye ukingo wa barabara.

Ilipopoa nikafungua. Kulanti huwa na rangi, nyekundu, waridi au kijani. Mle ndani mlikuwa na maji matupu, na mdomo wa rejeta umefanya ukoko mweupe. Nikachota kwenye chupa. Nyumbani nikamimina kidogo kwenye kisahani, nikakianika dirishani. Kesho yake adhuhuri maji yamekauka, imebaki chumvi. Chumvi! Maji ya kisima, yale yale yanayotushinda kupikia chai hata tukanunua madumu ya mkokoteni, ndiyo waliyoyaona yanafaa kwa injini yangu kwa shilingi 3,200.

Hedi ya gari hili, yaani kichwa cha injini, ni alumini, na alumini na chumvi hazikai pamoja. Kulanti kazi yake si kupoza tu. Ina dawa ya kuzuia kutu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa inachelewa kuchemka kuliko maji matupu. Fundi wa pili ameshafungua: gasketi inayoziba kati ya hedi na injini imeungua, hedi imepinda, maji yameingia kwenye oili ikawa rangi ya chai ya maziwa. Kusawazisha hedi kwa mashine, gasketi, rejeta, oili mpya, jumla 41,000. Hizo ni karo za watoto.

Na mafuta ya breki? Nimefungua kikopo chake, meusi kama kahawa tungu. Hayakuguswa! Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na hapa Mombasa hewa yenyewe ni maji. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205, ikishaingia maji inaweza kuchemka kwenye 140 au karibu na hapo. Ningeteremka mteremko wa Mazeras na malori nyuma yangu, mafuta yangechemka, ningekanyaga breki zikazama, leo mngekuwa mnasoma habari nyingine kabisa.

Nimerudi kwao na chupa yangu. Fundi mkuu akaitazama, akaniambia, "Maji ni maji, bosi, labda uliongeza mwenyewe." Mwenyewe! Bibi wa kaunta akaniomba risiti ya asili "aiweke kwenye faili". Sikumpa, na sitampa.

Nataka pesa zangu za servis na gharama za hedi, na Jumatatu asubuhi nitakuwa kwenye kaunta yao na chupa, kisahani na risiti. Wenzangu mliofanyiwa servis kisiwani miezi hii, kesho kabla hamjawasha gari, injini ikiwa baridi, fungueni boneti. Tazameni tanki dogo la kulanti, kiwango kiwe kati ya LOW na FULL, na mtazame rangi. Kisha kikopo cha breki. Mkikuta maji matupu yasiyo na rangi kwenye tanki, au mafuta meusi kwenye kikopo, pigeni picha pamoja na risiti, muweke hapa chini.