Acheni kututisha na asilimia za Denmark, wekeni slipu za mshahara mezani

Wakuu, habari za jioni. Nimevumilia vya kutosha. Kila tukigusia makato ya mshahara humu anaibuka bingwa mmoja na wimbo wake uleule: "Denmark wanakatwa karibu nusu ya mshahara na wametulia, nyie mnakatwa kiduchu mnapiga kelele." Juzi kaja tena, na watu wazima na akili zao wakamuunga mkono. Leo tupige hesabu.

Mimi nimeajiriwa kampuni binafsi hapa Dar, naishi Tabata, mshahara laki tisa. Unayewaza "huyu ana hela", tulia. Hifadhi ya jamii asilimia 10, zimeondoka 90,000. Inabaki 810,000, hapo ndipo PAYE, kodi ya mshahara, inaingia: 68,000 kwa kiasi cha mpaka 760,000, halafu robo ya kilichozidi hapo, jumla 80,500. Mkopo wa chuo asilimia 15 ya mshahara, 135,000. Natoka na 594,500.

Bingwa atasema PAYE hapo haifiki hata asilimia 9. Haya, twende kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Mwanzo wa mwezi unanunua umeme wa elfu kumi. Kwanza inakatwa kodi ya jengo, 1,500. Jengo la nani? La baba mwenye nyumba! Tuliambiwa wapangaji tukakatane naye kwenye pango. Mwenye nyumba wangu nilipomgusia hilo alicheka, akaniuliza kama nimeshapata chumba kwingine. Kwenye 8,500 iliyobaki kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18, ya REA (umeme vijijini) 3, ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1. Umeme wenyewe unaonunua ni wa 6,967. Kwa hiyo kwenye elfu kumi, elfu tatu na ushee imeenda kabla hujawasha hata taa, na hiyo elfu kumi yenyewe ilishakatwa PAYE.

Sasa Denmark. Ni kweli, kodi yao ni kubwa na VAT ni asilimia 25, mpaka kwenye unga. Lakini Mdenmark mwanawe akiugua usiku anampeleka hospitali bila kupapasa mfuko. Chuo hakilipiwi ada, na mwanafunzi anapewa na serikali posho ya kila mwezi ambayo si mkopo. Mimi wa kwangu alishikwa na homa mwezi uliopita: dirisha la kwanza lipia faili, la pili vipimo, rudi kwa daktari, la tatu dawa, na dawa moja "haipo, kaangalie duka la nje". Sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa tangu 2023, mimi bado niko dirishani. Ada za shule za serikali mpaka kidato cha nne zilifutwa 2016, hilo nashukuru kwa dhati, lakini mwenye mtoto anajua michango na tuition ya jioni inavyotembea.

Halafu kuna kitu ambacho mabingwa wa asilimia hawakigusi kabisa: wazazi. Mama yangu yuko Mbagala, kauza maandazi maisha yake yote, hajawahi kuwa na slipu. Pensheni yake ni mimi, laki moja kila mwezi. Mtoto wa marehemu dada, elfu sitini. Mdenmark hamtumii mama yake hela ya kula, mama ana pensheni ya serikali inayotoka kwenye hiyohiyo kodi mnayotutishia. Toa 160,000 kwenye 594,500 yangu. Imebaki 434,500, chini ya nusu ya mshahara. Nimeshamfikia huyo Mdenmark wa bingwa, na sijapanda hata daladala! Na usiniambie mkopo wa chuo si kodi. Kwao gharama hiyo imo ndani ya kodi, kwangu iko pembeni.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari kubwa. Zanzibar tangu 2016 mzee akifika miaka 70 anapata pensheni jamii, awe aliajiriwa au aliuza samaki. Boti ya mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Huku bara mama yangu angeambiwa aonyeshe michango.

Wale wa "nenda Dubai hakuna kodi" nao wapunguze. Mshahara haukatwi, sawa, VAT asilimia 5. Ila kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye kazi, ukifukuzwa saa inaanza kuhesabu. Ujerumani ukipoteza kazi na ulikuwa unachangia, unalipwa asilimia 60 ya mshahara wako wa mkononi, mwenye mtoto 67, kwa kawaida mpaka mwaka. Sisi fao la kukosa ajira ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Mkenya yeye msimguse, ana asilimia 2.75 ya afya na 1.5 ya nyumba juu ya PAYE, na mlimwona barabarani Juni 2024 akipinga Muswada wa Fedha.

Kwa hiyo wa Copenhagen, Aarhus, Berlin, wekeni slipu hapa, futeni majina. Chini yake andikeni mwezi uliopita mlilipa ngapi hospitali, ngapi ada, ngapi kwa mama. Wa Bongo nanyi hivyohivyo. Bingwa, anza wewe.