Nchi ya Shibe, hela inaliwa

Neema: Shikamooni wote. jamani naomba msaada wa insha ya kesho, mwalimu kasema tutunge nchi ambayo haipo afu tueleze hela yao ni nini na inafanyaje kazi. mi nimechagua nchi ambayo hela yake ni chakula, nimeiita Shibe. nimeandika jina tu nimekwama hapo hapo

Anko Sele: Marahaba mwanangu. Shibe 😂😂 hiyo nchi nahamia

Anko Sele: kwahiyo huko bosi akisikika kala hela ya mradi hakuna kesi, kala kweli

Shangazi Zuu: na askari akikuomba chai anamaanisha chai yenye maji na majani

Mama Neema: Hiyo insha kapewa tangu Jumatano, leo Jumapili saa mbili usiku ndo anaikumbuka. Sele usimchekeshe.

Neema: mama jamani 🙏

Bakari: hela yenyewe inaitwaje

Neema: tonge. tonge moja ni punje mia

Ma'mkubwa: Marahaba Neema. Nimependa hiyo tonge na punje. Mungu akubariki.

Bakari: sikia Neema, hii kitu usiione ya kutunga sana ilishakuwepo. Mexico kule Waazteki, wenyeji wa zamani wa huko, walikuwa wanalipana kwa mbegu za kakao, zile zile zinazotengeneza chokoleti, na hata Wahispania walipowateka waliendelea nazo. kuna orodha ya bei ya mji wa Tlaxcala ya mwaka 1545, bata mzinga jike mzuri ni mbegu 100 zilizojaa, au 120 kama zimesinyaa. nyanya kubwa mbegu moja. parachichi lililotoka kuchumwa sasa hivi mbegu 3, likishaiva kabisa mbegu 1

Shangazi Zuu: ngoja ngoja rudi hapo kwenye parachichi. hao watu walikuwa wafanyabiashara kweli mana walishajua kitu kinachooza bei yake inatembea na saa, asubuhi ni kingine jioni ni kingine, mi hapa nauza mboga kila siku nabishana na watu hawaelewi

Anko Sele: na mbegu zilizosinyaa nazo zina bei yake. yaani noti iliyochakaa unaongezea nyingine 20 juu

Bakari: na feki zilikuwepo anko. Kuna padri Mhispania aliandika namna wauzaji wabaya walivyotengeneza mbegu bandia, nta, unga wa mchicha uliokandwa, hadi kokwa la parachichi, wanachanganya humo humo na za kweli

Shangazi Zuu: daah kokwa la parachichi. binadamu hajawahi kushindwa

Neema: kwahiyo Shibe hela feki ni mawe kwenye mchele 😂 naandika hiyo

Neema: ila swali, chakula si kinaoza? sasa mtu ataweka vipi akiba

Ma'mkubwa: Wahenga walisema akiba haiozi.

Anko Sele: dada wahenga hawakufika Shibe

Ma'mkubwa: 😂😂😂 Sele.

Mama Neema: Mimi hapo ndo naona pana utamu, Neema tulia hapo usikimbilie mambo ya mawe. Hebu fikiria una maziwa ndoo nzima, ni mshahara wako wa mwezi. Huwezi kuyameza yote na kesho kutwa yamechacha. Sasa jirani akija kukuomba umkopeshe, akurudishie ndoo nyingine mbichi mwezi ujao, nani kamsaidia nani?

Neema: mmh

Neema: aaah! aliyekopesha ndo kasaidiwa!!

Mama Neema: Ndo hivyo. Shibe mwenye hela ndo anagonga hodi kwa majirani, jamani nani anakopa, nani anakopa. Riba hamna, na pengine anaongezea kidogo juu ili wachukue.

Anko Sele: nimeona nchi yangu. miaka yote hii mnanisema Sele anakopa sana kumbe nilikuwa natoa huduma

Shangazi Zuu: shemeji yangu wewe unayo ile yangu tangu mwaka juzi na haikuwa maziwa

Anko Sele: shemeji mtandao unasumbua huku

Bakari: mamdogo umegusa kitu cha kweli kabisa. Austria mji wa Wörgl mwaka 1932, wakati ule wa mdororo mkubwa wa uchumi kazi hamna, manispaa wakatoa noti zao wenyewe ambazo kila mwezi lazima ununue stempu ya asilimia 1 ya thamani ya noti uibandike, usipobandika haipokelewi. yaani wameitengeneza hela ioze makusudi. watu wakawa hawakai nayo, wanalipa madeni, wanalipa kodi hata kabla haijadaiwa, barabara zikatengenezwa. 1933 benki kuu ikapiga marufuku

Anko Sele: benki kuu ilikosa raha tu

Mama Neema: Ila Bakari, hela inayooza inamkimbiza mtu kununua, sawa, na bibi kizee asiye na nguvu je? Yule aliyetaka kuweka ya uzeeni?

Bakari: hapo sasa ndo kwenye shida

Shangazi Zuu: si achague kisichooza basi, nafaka kavu au chumvi. kwani lazima maziwa

Bakari: chumvi ilitumika Ethiopia shangazi, mapande marefu yaliyochongwa yanaitwa amole, yalifika mpaka karne ya 20 bado watu wananunulia vitu. uzuri wake haiozi, ubaya wake mvua

Neema: ila chumvi mtu hashibi, nchi inaitwa Shibe 😭

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Nimesoma yote. Naandika taratibu, mniwie radhi, miwani hii ya zamani. Nafaka kavu nazo mnazisifia bila kuzijua. Mimi nimeshika ghala miaka 22. Nafaka ikiingia ikiwa na unyevu wa asilimia 18, ukaikausha mpaka 13 ili isivunde, kila kilo 100 zilizoingia unabaki na 94 hivi. Hapo hakuna mwizi, hakuna panya, ni maji tu yamekwenda zake. Wajanja walikuwa wanakimbilia kuleta mzigo mbichi upimwe siku hiyo hiyo. Sasa nchi yako Neema, mtu atalipa kodi kwa punje kavu au mbichi? Panya na fukusi tuwaweke daftari gani?

Anko Sele: mzee 👏👏

Anko Sele: yaani mfumuko wa bei wa kulowanisha

Neema: babu hiyo naiandika yote yani. wizara ya Shibe ina kipimo cha unyevu kila kona. na wizi wa benki unafanywa na panya

Shangazi Zuu: paka ndo polisi

Ma'mkubwa: Mnakumbuka habari za Yusufu kule Misri. Miaka saba ya shibe, miaka saba ya njaa. Someni Mwanzo 47. Watu walileta fedha zao zote wakapewa nafaka, fedha zikaisha. Wakaleta mifugo, ikaisha. Mwaka uliofuata wakauza mashamba na wao wenyewe kwa Farao. Nafaka ilikuwa imekaa sehemu moja.

Mama Neema: Dada hapo umenigusa.

Mama Neema: Mana njaa ikiingia Shibe watu watakula hela. Si kwa ubaya, wana njaa. Kwahiyo hela inapungua mjini siku ile ile kila mtu anaihitaji. Na mavuno yakiwa mazuri kila mtu tajiri na hakuna anayetaka hela yako. Mvua ndo gavana wa benki kuu.

Bakari: Japan iliwakuta hiyo. enzi za Edo, kabla ya Japan ya kisasa, utajiri wa bwana mtawala wa eneo ulihesabiwa kwa koku, koku moja ni lita kama 180 za mchele, wanasema inatosha mtu mmoja mwaka mzima. eneo la Kaga peke yake lilihesabiwa koku zaidi ya milioni. samurai, yule askari wa bwana, analipwa mchele, anaupeleka kwa madalali wambadilishie hela. sasa karne ya 18 mchele ukawa mwingi bei ikashuka huku vitu vingine havishuki, samurai ana upanga kiunoni na madeni mpaka shingoni, anaweka rehani mchele wa mwaka ambao haujapandwa hata. mwaka 1730 serikali ikaruhusu rasmi soko la Dojima pale Osaka watu wanauziana mchele wa baadaye, hawauoni, karatasi tu. kodi ya ardhi ya mchele wakaja kuibadilisha iwe ya pesa 1873

Anko Sele: kwahiyo samurai naye alikuwa anaishi na mshahara wa advansi. nimemheshimu zaidi

Neema: kaka Baka taratibu nanakili kwa mkono

Neema: ila hapo kwenye karatasi. kama watu wanaweka chakula ghalani afu wanapewa risiti afu wanalipana risiti, si imeshakuwa pesa ya kawaida tu? insha yangu inakufa

Bakari: haijafa, ndo imeanza. Misri tena, baada ya Yusufu wa Ma'mkubwa, chini ya wafalme wa Kigiriki wa ukoo wa Ptolemaio, ghala zilikuwa kama benki. mkulima ana akaunti ya ngano, anamlipa mwenzake kwa kuandikiwa tu, imetolewa huku imeingizwa kule, gunia halijasogea, na hesabu kuu iko Alexandria

Shangazi Zuu: kwahiyo kutumiana hela kwa simu walitutangulia

Bakari: bila makato shangazi

Shangazi Zuu: 😂😂 hapo ndo hadithi ya kutunga ilipo

Mama Neema: Neema tofauti unayo, usikate tamaa. Risiti yetu ya kawaida nyuma yake huoni kitu. Risiti ya Shibe nyuma yake kuna gunia, na gunia linapungua kila siku. Noti iwe na tarehe ya mwisho kama dawa.

Anko Sele: noti ya kwanza duniani unainusa kabla ya kupokea

Bakari: au mchague chakula ambacho hakuna anayekitamani. magereza ya serikali kuu Marekani walipokataza sigara 2004, wafungwa wakahamia kwenye pakiti za samaki, zile makereli, ilikuwa kama dola moja hivi kila pakiti. wengi hata hawampendi yule samaki, isipokuwa wanaonyanyua vyuma. na ndo mana ilifaa kuwa hela, mana haikuwa inaliwa hovyo

Anko Sele: basi tumemaliza kazi. hela ya Shibe iwe zile biskuti alizooka shemeji Zuu siku ile tulipokuja. haziozi, hazivunjiki, haziibiwi

Shangazi Zuu: Sele ulikula sita

Anko Sele: nilikuwa nasaidia kupunguza mzunguko wa fedha

Ma'mkubwa: 😂😂😂😂

Mama Neema: 😂 Zuu wifi yangu msamehe.

Neema: haya sikilizeni mwanzo wangu. "Nchini Shibe, mtu tajiri hutambulika kwa jinsi anavyohangaika. Kabla jua halijachomoza keshazunguka mtaa mzima akiwabembeleza watu wakope kwake, kwa kuwa utajiri wake umeanza kunuka." afu naendelea na kipimo cha unyevu na panya afu mwaka wa ukame

Mama Neema: Hapo sawa. Hapo umenifurahisha.

Bakari: kali sana. weka na sherehe, mtu akialika wageni ni kama anachoma noti mbele yao

Neema: iko ukurasa wa pili 😊 wageni wanaandikwa kwenye daftari la hasara

Shangazi Zuu: na uandike mgeni aliyekula sita

Babu: Neema.

Neema: naam babu

Babu: Funguo za ghala umempa nani?

Neema: bado sijaandika

Babu: Andika mapema. Mimi miaka ile 22 sikuwahi kukosa rafiki hata siku moja. Nilipokabidhi funguo Ijumaa, Jumatatu nilikunywa chai peke yangu.

Anko Sele: mzee hiyo nafasi Shibe imeshatangazwa?

Mama Neema: Neema, saa nne hii. Maliza ukurasa huo uweke simu mezani.