Je, mtoto aweza kuzuiwa kuingia darasani kwa kukosa fomu ya daktari wa meno? (Illinois)

Mama Neema:
Ndugu zangu, naomba msaada wa wanaozifahamu sheria za huku. Tulihamia Rockford, jimbo la Illinois, kutoka kambi ya Nyarugusu, na binti yangu yuko darasa la pili. Mwezi Machi alirudi na barua inayosema kwamba kila mwanafunzi wa darasa lake hana budi kuonwa na daktari wa meno kabla ya tarehe 15 Mei. Kliniki ya kwanza niliyoipigia simu haipokei Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na ya pili imenipa miadi ya tarehe 9 Juni. Nilipokwenda shuleni kueleza, mtu wa mapokezi aliniambia kwamba bila fomu mtoto hataingia darasani. Lingine linalonipa wasiwasi ni kwamba alipokuwa mchanga alichimbuliwa chonge kwa kile kilichoitwa "meno ya plastiki", yaani uvimbe wa fizi unaodhaniwa kumletea mtoto homa na kuhara, na ninaogopa daktari akiliona pengo atanifikiria vibaya.

Msoma Sheria:
Mama Neema, pole kwa usumbufu. Nadhani mtu wa mapokezi amechanganya mambo mawili yaliyomo katika kifungu kimoja, yaani kifungu cha 27-8.1 cha Sheria ya Shule ya Illinois. Kwa upande wa chanjo na uchunguzi wa afya ya mwili, ni kweli kwamba mtoto ambaye hajatimiza masharti kufikia tarehe 15 Oktoba huzuiwa kuhudhuria masomo mpaka ayatimize. Kwa upande wa meno, ambako sharti lilianza kutumika mwaka 2005, shule inaweza kuishikilia ripoti ya masomo ya mtoto, na hapo ndipo mamlaka yake yanapoishia. Zingatia pia kwamba sheria imesema "inaweza", haikusema "lazima". Hata huko kushikiliwa ripoti kunawahusu wa darasa la pili, la sita na la tisa peke yao, kwani watoto wa chekechea wanatakiwa kuchunguzwa lakini hawawekewi adhabu hiyo.

Ripoti huachiliwa mzazi anapoleta fomu iliyojazwa, au anapoleta uthibitisho kwamba mtoto ataonwa ndani ya siku 60 baada ya tarehe 15 Mei. Siku hizo zinakwisha katikati ya Julai, kwa hiyo miadi yako ya tarehe 9 Juni imo ndani kabisa. Iombe kliniki ikuandikie barua yenye jina la mtoto na tarehe ya miadi, uipeleke shuleni, nawe ubaki na nakala. Ipo pia fomu ya msamaha inayotolewa na Idara ya Afya ya Umma ya jimbo, kwa ajili ya mzazi ambaye, kwa mfano, amekosa daktari wa kupokea bima ya mtoto wake. Kwa kuwa miadi umekwisha kuipata, sikushauri uikimbilie. Msamaha humwondolea mtoto wajibu wa fomu, lakini jino kama limetoboka litabaki limetoboka.

Msaidizi wa Kliniki:
Ninafanya kazi katika kliniki ya meno Chicago, na ningependa kuongeza mambo yanayoonekana kutoka upande wetu wa kiti. Fomu ni fupi: daktari hutia alama kuonyesha kama mtoto ana meno yaliyooza ambayo hayajatibiwa, kama yapo yaliyozibwa, kama magego yamepakwa utando wa kinga, na kama anahitaji matibabu ya haraka. Kwa mtoto wa umri wa Neema tunayatazama sana magego ya kwanza ya kudumu. Huota akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka, na kwa hiyo wazazi wengi huyadhani ni ya utoto na kuyaacha yaoze wakitumaini kwamba mengine yatakuja.

Udhaifu wa sheria hii, kwa maoni yangu, ni kwamba inadai mtoto achunguzwe na haidai atibiwe. Fomu yenye alama ya matibabu ya haraka hutimiza sharti la shule sawasawa na fomu ya mtoto mwenye meno mazima. Hata hivyo, sheria ya shirikisho inailazimu Medicaid kugharimia matibabu ya meno ya walio chini ya miaka 21, yakiwemo kuzibwa jino na kuondolewa maumivu, kwa hiyo usiondoke siku hiyo kabla hujapewa miadi ya pili kama ikihitajika. Kliniki inayopokea Medicaid inatakiwa pia kukutafutia mkalimani bila malipo. Usikubali Neema atafsiri habari za meno yake mwenyewe.

Kuhusu chonge, mweleze daktari mapema, kabla hajauliza. Atataka kujua kwa sababu kuchimbua fizi ya mtoto mchanga huweza kuliumiza jino la kudumu lililo chini yake, likaja kuota likiwa na kasoro au lisiote kabisa.

Baba Amani:
Huku Ujerumani utaratibu ni mwingine. Kifungu cha 21 cha kitabu cha tano cha Sheria ya Jamii kinaitaka mifuko ya bima ya afya ishirikiane na wengine kugharimia kinga ya meno kwa makundi ya watoto walio chini ya miaka 12, hasa katika shule na chekechea, na mahali penye hatari kubwa ya kuoza meno umri huo hufika miaka 16. Daktari ndiye anayekuja shuleni, kwa hiyo mzazi hahangaiki kutafuta miadi ya ukaguzi huo.

Mama Neema:
Nawashukuru nyote. Leo kliniki imenipa barua, na nimeipeleka shuleni pamoja na kifungu alichokitaja Msoma Sheria nikiwa nimekiandika kwenye karatasi. Mtu wa mapokezi alikwenda kumwuliza mwalimu mkuu, akarudi akaipiga muhuri. Mkalimani wa Kiswahili nimeshamwomba kwa ajili ya tarehe 9 Juni. Jioni nilimwambia Neema afungue kinywa mbele ya taa, na magego hayo ya nyuma niliyaona, mawili ya chini, moja likiwa na kidoa cheusi katikati.