Kaka ameacha pombe ghafla, sasa anaona siafu kitandani. Tufanyeje?

MamaLulu: Wakuu, naombeni ushauri, hali ni mbaya. Kaka yangu amekunywa gongo miaka 12. Juzi mchana mama alilia mbele yake, akaapa hagusi tena. Tangu jana mikono inatetemeka, chai yote kaimwagia kifuani. Usiku huu anachunachuna shuka, ati anatoa siafu. Akisimama anatanua miguu na kuyumba. Jirani mwenye duka la dawa anataka kumtundikia dripu ya glukosi. Nikubali?

Mzee_wa_Kijiwe: Mpe toti moja atatulia.

NesiWaZamu: Dada, usikubali yote mawili. Mpelekeni hospitali sasa hivi, msingoje kuche. Pombe hupooza ubongo. Miaka yote hiyo ubongo wake umejizoesha kujichangamsha ili kushindana nayo. Pombe imeondoka, mchangamko umebaki. Hapo ndipo degedege huja, na watu hufa. Hospitali zipo dawa za kumtuliza.

Huko kuyumba kunanitisha zaidi. Pombe huzuia utumbo kunyonya vitamini B1, ambayo huitwa pia thiamini. Vimeng'enya vinavyousaidia ubongo kutumia sukari, kama transketolesi, havifanyi kazi bila hiyo. Ukimjaza glukosi peke yake, B1 kidogo iliyobaki inamalizika. Sukari yake ikiwa imeshuka watampa glukosi mara moja, ila B1 ya sindano iende pamoja nayo. Itaje mwenyewe mapokezi, usione haya. Mkiwa njiani, afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa. Daktari Mjerumani Carl Wernicke aliziandika dalili hizi tangu 1881: macho, mwendo, kuchanganyikiwa.

MamaLulu: Macho yanachezacheza! Bajaji imefika.

Binti_Pwani: Kimbieni, dada. Baba yetu mdogo alichelewa kupata B1. Harusi yake ya 1984 anaikumbuka vizuri, lakini ukitoka chumbani ukarudi, anakusalimia upya. Ukimuuliza jana alikuwa wapi, anakutajia safari ambayo hakwenda, na anaiamini.

MamaLulu: Amelazwa. Daktari kauliza alikunywa lini mara ya mwisho, nikamtajia siku na saa. Kachomwa B1 na dawa ya kutuliza, sasa amesinzia, ila vidole bado vinachuna blanketi. Mama yuko kwenye benchi nje, anasema yeye ndiye aliyemuua kwa kumlazimisha aache. Nimwambieje?

NesiWaZamu: Mwambie ameletwa angali hai. Kaa naye hapo benchini.