Kaka amemwachisha mtoto dawa za seli mundu, anasema kisomo kinatosha. Nianzie wapi?

BintiMtambwe:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi naishi Unguja, kwetu ni Pemba, upande wa Wete. Kaka yangu mkubwa ana binti wa miaka minane mwenye seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Alijulikana bado mdogo, vidole vikimvimba mikono na miguu. Tokea hapo akihudhuria kliniki, akinywa foliki asidi, na baadae akaanzishiwa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza maumivu yanayomshika. Skuli akienda, chuo cha Kurani akienda, akicheza na wenzake.

Mwaka jana kaka kaingia kwenye darsa ya jamaa fulani. Si watu wabaya, mmoja akifiwa wote wako kwake. Lakini wanafundishana kwamba dawa za spitali ni upungufu wa tawakkul, yaani kumtegemea Allah, na hoja yao kubwa ni ile Hadithi ya watu elfu sabini watakaoingia peponi bila ya hesabu. Kaka kazuia dawa zote. Mtoto akishikwa na maumivu anasomewa usiku kucha na kunyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Juzi macho yalikuwa manjano kabisa, wifi akataka kumpeleka spitali, akaambiwa imani yake ndogo. Ananipigia akilia, anajificha asisikiwe.

Kaka ndiye aliyenilea baada ya mzee kufariki. Kumkabili siwezi, na akihisi namvunjia heshima habari za mtoto sitozipata tena.

Kipanga_77:
Polisi. Huna haja ya ushauri.

NesiWaChake:
Kipanga, polisi wakija leo, kesho mtoto anahamishwa kijiji na wifi hapewi simu. Tuende taratibu, lakini si kwa kila kitu.

Dada, kuna jambo halingoji kikao cha ukoo. Mtoto wa seli mundu bandama lake huwa limeharibika mapema, kwa hiyo vijidudu vikiingia kwenye damu hana kizuizi. Homa ikifika 38.5 ni spitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo akipumua kwa shida, akiumwa kifua, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea. Mwambie wifi azihifadhi kichwani.

Na kuna kinachomdanganya kaka yako, wala simlaumu. Maumivu yale huja na kuondoka yenyewe baada ya siku kadhaa, hata bila ya kisomo. Aliyesoma usiku wa mwisho ndiye anayepata sifa. Haidroksiyurea nayo ukiiacha, faida yake haiondoki siku moja, hupungua wiki kwa wiki. Mzazi anaona kaacha dawa na mtoto mzima, anazidi kuamini.

Kombe msiligombe. Zafarani na maji ya waridi havimdhuru, na mtoto huyu anahitaji maji mengi kuliko wenziwe. Ila liandikwe kwa zafarani kweli, maana siku hizi wengine wanaandikia rangi za dukani.

Maalim_Mstaafu:
Waalaykum salaam mwanangu. Hiyo Hadithi ni sahihi, lakini mwambie aisome mpaka mwisho. Waliotajwa ni wasioomba kusomewa, wasioamini nuksi, wasiojitibu kwa kuchomwa moto, na wanaomtegemea Mola wao. La mwanzo ni kuomba kusomewa! Sasa wao wanaacha kidonge, ambacho hakikutajwa, wanakesha na kisomo. Mtume mwenyewe (s.a.w.) kaumikwa, yaani kapigwa chuku, na kasema: jitibuni enyi waja wa Allah.

Atakujibu kwa yule mwanamke wa kifafa aliyemwendea Mtume akaahidiwa Pepo akisubiri. Sawa, lakini yule alikuwa mtu mzima, kaulizwa, akajichagulia. Huyu wa miaka minane nani kamuuliza?

Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni, ilipokaa Jeddah mwaka 1992 ilisema kujitibu kunakuwa wajibu pale kuacha kunapopelekea kifo au kupoteza kiungo. Ikasema pia kwamba walii, yaani msimamizi wa mtoto, akikataa tiba kwa namna inayomdhuru wazi aliye chini yake, kukataa kwake hakuzingatiwi, haki inahamia kwa walii mwengine, kisha kwa serikali. Kwa hiyo usijione unapigana na dini.

Mwanamji:
Hili halina dini moja. Zimbabwe mwaka 2022 surua imeua watoto zaidi ya 700, wengi wa familia za makanisa ya mitume yanayokataa chanjo. Kenya nako Shakahola, 2023, wafuasi wa mhubiri walioambiwa wafunge mpaka wafe, zaidi ya maiti 400. Na Mashahidi wa Yehova hawataki spitali kabisa.

NesiWaChake:
La, hao wa mwisho wanakataa kuongezwa damu, spitali wanakuja vizuri tu. Na Shakahola asitajiwe kaka mtu. Ukimlinganisha na wale ushamtukana, hatokusikiliza tena.

Maalim_Mstaafu:
BintiMtambwe, nani kwenu kaka hawezi kumkatalia?

BintiMtambwe:
Ami yetu, ndiye aliyemuozesha. Na mwalimu wake wa chuo bado yuko hai, kaka akimwona anavua kofia. Lakini ami na yeye si mtu wa spitali sana.

Maalim_Mstaafu:
Basi mwalimu atangulie. Ami aende naye kama shahidi, asihutubie. Wewe usiwepo wala jina lako lisitajwe. Na wasimwambie aache darsa, waombe dawa tu.

Mkaazi_wa_Mkoani:
Wifi naye ajue kitu: mama hahitaji ruhusa ya mume kumpeleka mtoto mgonjwa spitali. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya 2011, inamlinda mtoto hata kwa babaake. Akizuiwa mtoto akiwa hoi, sheha na ustawi wa jamii, au apige 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

BintiMtambwe:
Nimezungumza na ami. Wanakwenda Ijumaa baada ya sala. Wifi kaificha kadi ya kliniki pamoja na chupa ya dawa iliyobaki. Kaka akikubali, aanze kumpa usiku ule ule?

NesiWaChake:
Foliki asidi ampe. Haidroksiyurea asimpe kwanza. Wende kliniki na kadi na hiyo chupa, mtoto apimwe uzito na damu, wao ndio watakaompangia kipimo. Na homa ikija kabla ya Ijumaa, msimngoje mwalimu.