Wafilipi 1:6: kama Mungu "ataimaliza", sisi tunabakiwa na kazi gani?

DadaTororo
Bwana asifiwe wapendwa. Kwenye ushirika wetu wa Alhamisi tumefika Wafilipi 1:6: "yeye aliyeanza kazi njema mioyoni mwenu ataimaliza hata siku ya Kristo Yesu." Watu wamegawanyika. Kuna wanaosema tutulie, Mungu atamaliza mwenyewe. Wengine wanasema bila kufunga na kukesha hakuna kukua. Na wapo waliookoka zamani, hasira ni ile ile, mstari huu unawatesa kuliko kuwafariji. Tusaidieni, na mtuambie tufanye nini hasa.

Mwalimu_Mukono
Dada, anzeni na hilo "mwenu". Ni wingi. Tena Kigiriki hapo hakitaji mioyo. Kinasema "ndani yenu" au "kati yenu". Paulo anaandikia kanisa zima, lile lililoanza na Lidia muuza nguo za zambarau, kisha mlinzi wa gereza na watu wa nyumbani mwake (Matendo 16). Anayejipima peke yake chumbani ataona hasira yake tu, hataona kazi.

Halafu jozi ile ya "kuanza" na "kumaliza" Paulo ameitumia pia Wagalatia 3:3, safari hii akiwakemea: mlianza katika Roho, sasa mnataka kukamilishwa katika mwili? Kufunga si kosa. Kosa ni kufunga kama mtu anayedai mshahara.

Jibu la ubishi wenu liko Wafilipi 2:12-13. Utimizeni wokovu wenu, "kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu." Tazameni hilo "kwa maana": mnafanya kazi kwa sababu yeye anafanya, wala si ili aanze. Wanaotulia wameishia 1:6, wanaokesha wameishia nusu ya 2:12.

KahawaSironko
Mwalimu amemaliza upande wa maandiko, mimi naongeza Marko 4:26-29, mbegu inayoota mkulima asijue jinsi gani. Huku mlima Elgon mti wa kahawa aina ya arabika unakaa kama miaka 3 kabla ya kuvuna mara ya kwanza, na kutoka ua hadi tunda jekundu ni miezi 7 hadi 9. Huwezi kulivuta. Ila usipopalilia na kukata machipukizi unapata majani tele, kahawa kiduchu.

Kosa la makanisa yetu ni kuvuna kijani. Mtu ameokoka mwezi wa pili, mwezi wa nne ameshapewa kuongoza. 1 Timotheo 3:6 imekataza wazi: asiwe aliyeongoka karibuni, asije akajivuna. Akianguka tunasema Mungu hakumaliza!

Mzee_wa_Ushirika
Mwanangu, Balokole, yaani waliookoka wa uamsho wa Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1930 jambo hili waliliita kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7. Ukikosa, unakiri mapema, na ulichochukua unakirudisha. Kwa Alhamisi zenu fanyeni hivi. Someni Wafilipi yote kwa sauti, ni mistari 104, robo saa hivi inatosha. Kila mtu ataje jambo moja tu, na alitaje kwa jina lake: "nilimfokea mke wangu Jumanne", si "mimi ni dhaifu". Wawili wawili waombeane kwa 1:9-11. Alhamisi ijayo mwenzake amuulize lile lile.

Jihadharini na mambo mawili. Kukiri kukigeuka mashindano, watu wataanza kutunga dhambi. Na dhambi inayomgusa mtu mwingine isitajwe mbele ya kikundi kabla huyo mtu hajaendewa. Sheria za nywele na mavazi msizilete hapo kabisa. Ndizo zilizochosha wengi.

Wenye hasira wasijipime wiki kwa wiki. Waulize watu wa nyumbani mwao: zamani alikuwa anakaa siku ngapi bila kuomba msamaha, na sasa?

DadaTororo
Asante sana mzee. Na kama wawili kwenye kikundi hawasemezani kabisa?

Mzee_wa_Ushirika
Hao wamo ndani ya barua hiyo hiyo. 4:2, Euodia na Sintike. Paulo anamsihi kila mmoja kwa jina lake, neno "namsihi" mara mbili, hamwegemei yeyote. Kisha 4:3 anamwomba mtu wa tatu awasaidie. Tafuteni huyo wa tatu kabla ya Alhamisi, na asiwe ndugu wa upande wowote.