Mwanafunzi wa Gredi ya 8 anayesoma "name" kama "na-me": nianzie wapi?

Mwalimu wa Kiingereza, Embakasi

Habari zenu walimu wenzangu. Ninafundisha Kiingereza katika Sekondari Msingi, na tangu muhula huu uanze kuna jambo linalonisumbua ambalo chuoni sikufunzwa namna ya kulikabili. Katika darasa langu la Gredi ya 8 wamo wanafunzi 7 wasioweza kusoma aya moja ya kitabu cha kiada bila kukwama karibu kila mstari.

Wawili kati yao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Wa kwanza ni msichana wa miaka 14 mwenye mwandiko mzuri kuliko wenzake wengi. Hunakili kila kitu kutoka ubaoni bila kosa, lakini akiitwa kusoma husema kwamba kichwa kinamuuma. Nilipoketi naye kando niligundua kuwa hutazama herufi za mwanzo, kisha hukisia yaliyobaki: "house" aliisoma "horse", na "chicken" aliisoma "children". Wa pili ni mvulana ambaye hakisii hata kidogo. Yeye hupitia herufi moja baada ya nyingine, na "name" huitamka "na-me", "time" huitamka "ti-me". Watoto hawa walikuwa Gredi ya 2 shule zilipofungwa Machi 2020, nao hawakurejea darasani hadi Januari 2021, yaani walikaa nyumbani katika kipindi kile kile ambacho mtoto huanza kushika kusoma.

Je, mbinu ya kuoanisha herufi na sauti, ile tunayoiita foniksi, inaweza kumfaa kijana wa umri huu, au wakati umeshapita? Na iwapo nitalazimika kutumia vitabu vya Gredi ya 1, nitawaepushaje na aibu mbele ya wenzao?

Mwalimu mstaafu, Buruburu

Mwalimu, wakati haujapita, ingawa kazi itakuwa ndefu kuliko ambavyo ingekuwa walipokuwa wadogo. Jopo la Kitaifa la Usomaji nchini Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2000, lilibaini kwamba mafunzo ya sauti yanayofuata utaratibu huleta faida kubwa zaidi yanapoanza mapema. Kwa kijana wa miaka 14 hatuna budi kuyafundisha hata hivyo, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kulifikia neno ambalo hajawahi kuliona.

Kabla hujafundisha chochote, wapime, na uwapime kwa Kiswahili kwanza. Kiswahili kina irabu 5, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, kwa hiyo anayejua kuunganisha konsonanti na irabu anaweza kusoma neno lolote, hata lisilo na maana. Waandikie maneno ya kubuni kama "tafulo", "mbeguza" na "ng'opi". Usitumie maneno ya kweli, kwa kuwa mtoto anaweza kuwa alilikariri "ng'ombe" zamani kwa kuliona tu, ukadhani amelisoma. Akiweza kuyasoma ya kubuni, basi ameelewa kwamba herufi husimamia sauti, na kinachomshinda ni taratibu za Kiingereza peke yake. Asipoweza, anza naye kwenye silabi za Kiswahili, wala usione kwamba unampotezea muda wa somo lako.

Huyo mvulana wa "na-me" nakusihi usimwambie kwamba hajui kusoma. Amesoma sawasawa kabisa, ila ametumia kanuni ya Kiswahili. Mwambie hivyo waziwazi, kisha umwonyeshe kwamba katika Kiingereza ile "e" ya mwisho mara nyingi haitamkwi, bali hubadilisha sauti ya irabu iliyotangulia: "mad" na "made", "kit" na "kite", "hop" na "hope". Mweleze pia kwa nini lugha hiyo inamsumbua. Herufi zake 26 hubeba sauti zipatazo 44, na zile herufi 5 za irabu hubeba sauti za irabu zinazokaribia 20. Nimeona vijana wakipumua kwa nafuu waliposikia hesabu hiyo, kwa sababu kwa miaka mingi walidhani kasoro iko kichwani mwao.

Msichana naye amezoea kukisia, na mazoea hayo huvunjwa kwa kumlazimisha aitazame herufi ya mwisho. Chukua kipande cha kadi, ulifunike neno, kisha ulifunue sehemu kwa sehemu kutoka kushoto huku akitamka kila kinachojitokeza. Baadaye mpe minyororo ya maneno yanayobadilika kwa sauti moja tu: "ship", "shop", "chop", "chip", "chin", "thin". Hapa hawezi kukisia, kwa sababu akiikosa sauti moja amelikosa neno. Tumia pia kile anachokijua tayari: "th" ya "thin" ni ile ya "thamani", na "th" ya "this" ni "dh" ya "dhahabu".

Tahadhari moja tu. Wengi wetu hapa Kenya tunatamka "cat" na "cut" karibu sawa, kwa hiyo usigeuze somo hili kuwa la matamshi ya Uingereza. Mtoto anahitaji kulitambua neno na kulihusisha na maana yake, hata kama ulimi wake unabaki wa Nairobi.

Mwalimu wa Sayansi, Kasarani

Naafikiana na mzee wetu, ila niongeze jambo kuhusu maneno marefu, maana katika Gredi ya 8 ndiyo yanayowaangusha wanafunzi. Kijana anaweza kusoma "chip" na "chin" vizuri, kisha akafungua kitabu cha Sayansi Jumuishi na kukutana na "reproduction", akalirukia bila hata kujaribu.

Mimi huanza na neno la Kiswahili kama "hatutawasomea", nikawaomba walikate: ha-tu-ta-wa-som-e-a. Hakuna anayeshindwa, kwa kuwa viambishi hivyo wanavitumia kila siku wanapozungumza. Kisha naandika "re-pro-duc-tion" chini yake na kuwaambia kwamba Kiingereza nacho kina vipande vyake vya mbele na vya nyuma. Kipande "-tion" nakifundisha kizima, kama "shen", na wakishakijua wanakikuta katika "pollution" na "digestion", ingawa katika hilo la pili husikika kama "chen". Hutumia dakika 10 za mwanzo wa kipindi cha dakika 40, kwa darasa zima, hivyo wale wanaotatizika hawatengwi, na wale wanaosoma vyema hufaidika katika tahajia.

Mzazi, Umoja

Samahani walimu, mimi si wa taaluma yenu, lakini mwanangu alipitia hali hii. Alisimamishwa mbele ya darasa asome kwa sauti, wenzake wakacheka, na kwa wiki kadhaa akawa anaondoka nyumbani na sare yake bila kufika shuleni. Tafadhali msiwasimamishe.

Kilichomsaidia ni simu yangu. Ujumbe wa M-Pesa ulipoingia nilimwomba anisomee. Neno "Confirmed" alikuwa amelizoea kwa umbo, ila hakuwahi kulisoma, na siku tulipolikata pamoja, con-firm-ed, alilitazama kwa muda mrefu kama mtu aliyelipata jina la jirani yake wa siku nyingi. Halikuwa somo la watoto wadogo, na hilo lilikuwa na uzito kwake.

Pia mpimeni macho na masikio kabla ya mengine yote. Ikiwa mtashuku disleksia, yaani tatizo la kudumu la kujifunza kusoma na kuandika, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya iliyoko Kasarani hufanya tathmini.

Mwalimu wa Kiingereza, Embakasi

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jana niliwapima wote 7 mmoja mmoja baada ya masomo, kwa maneno ya kubuni. Mvulana aliyasoma yote bila kusita, na nilipomwambia kwamba "na-me" ilikuwa sahihi kwa Kiswahili aliniuliza mara mbili kama nasema kweli.

Msichana aliisoma "tafulo" polepole hadi mwisho, akakwama kwenye "mbeguza", na "ng'opi" akaisoma "ng'ombe", kama mzee wetu alivyotabiri. Kwa hiyo yeye na wengine wawili nitaanza nao kwenye mb, nd, ng' na nyw kwa Kiswahili, dakika 20 kila asubuhi kabla ya gwaride. Kadi nimezikata kutoka kwenye katoni, na maneno nitayachukua kwenye jumbe za simu na ratiba za mechi. Kuhusu macho, nimemwandikia mama yake barua, kwa maana huenda kile kichwa kinamuuma kweli.